Kunyoosha jicho lililopasuliwa retina: kisa cha mwalimu wa hisabati

Mwalimu huyu hakuja kuomba arudishiwe uoni. Hilo alishaambiwa na waliomtibu retina, akalia, akalikubali, na alitaka tulielewe kabla ya kipimo chochote. "Najua jicho la kushoto halitaona tena kama zamani," alisema. "Ninachotaka ni kwamba nikimtazama mtu, ajue ninamtazama yeye." Ana miaka 44. Darasani akimwelekea mwanafunzi na kusema "wewe hapo, jibu," anasimama wa dawati la jirani. Wanafunzi hawamfanyii utani. Wanafuata jicho wanaloliona, nalo limegeukia kwingine.

Kazi yangu ni kupima makengeza na misuli ya macho. Kupasua hufanywa na wenzangu. Ninakiandika kisa hiki kwa ruhusa yake, baada ya kubadilisha mambo ambayo yangemtambulisha, kwa sababu watu wengi waliopasuliwa retina hujikuta baadaye na jicho lililokwenda upande, na wakiuliza kuhusu kulinyoosha hupewa jibu la haraka: ama "inawezekana, panga tarehe", ama "jicho lenyewe halioni, la nini kulisumbua?" Majibu yote mawili yanaruka kazi yenyewe. Jicho kusogezwa, linasogezeka. Ugumu uko kwenye kujua ni nini kinacholivuta, na ubongo utaifanyia nini picha ya jicho hilo siku litakaporudi katikati.

Jicho lilivyofika hapo

Miaka mitatu kabla hajafika kwetu, mwalimu alianza kuona vitone vyeusi vikielea, kisha vimulimuli vya mwanga pembeni, kisha kitu kama pazia kikipanda kutoka chini upande wa pua. Alidhani ni uchovu wa kusahihisha mitihani. Ilipita zaidi ya wiki moja kabla hajaonwa na daktari wa macho. Pazia la namna hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo: retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imechanika na inabanduka ukutani, na maadamu sehemu yake ya katikati iitwayo makula haijabanduka, uoni mkali bado unaweza kuokolewa. Kwake makula ilikuwa imeshabanduka.

Upasuaji wa kwanza ulikuwa wa kulivika jicho mkanda. Njia hii ina historia ndefu. Jules Gonin wa Lausanne ndiye aliyewaonyesha madaktari, miaka ya 1920, kwamba retina hairudi mahali pake mpaka tundu lake lizibwe. Mwaka 1949 Ernst Custodis, nchini Ujerumani, akaanza kushonea kipande cha plastiki nje ya jicho ili ukuta usukumwe ndani ukutane na retina, na baadaye Charles Schepens huko Boston akaeneza mkanda unaolizunguka jicho lote. Mkanda wa siku hizi ni wa silikoni. Unakaa juu ya weupe wa jicho, chini ya misuli minne inayolivuta jicho juu, chini, ndani na nje. Ili kuupitisha, daktari hufungua ngozi nyembamba inayofunika weupe, hunasa kila msuli kwa uzi, huuvuta kando, hupitisha mkanda, kisha hushona. Tundu la mwalimu lilikuwa juu, upande wa nje, kwa hiyo pamoja na mkanda wa kuzunguka aliwekewa kipande kinene cha silikoni mahali hapo. Eneo hilo ndilo lililotusumbua baadaye.

Retina ilikaa miezi miwili, makovu yakaota juu yake, yakaivuta, ikabanduka tena. Mara ya pili alitolewa ute unaojaza jicho kwa ndani, makovu yakamenywa, akajazwa mafuta ya silikoni ya kuishikilia retina, na miezi kadhaa baadaye mafuta yakatolewa. Mtoto wa jicho akafuata, kama inavyotokea mara nyingi baada ya mambo haya, akawekewa lenzi bandia. Leo retina imetulia. Kwa jicho la kushoto anahesabu vidole vikiwa umbali wa mita 1, na anavihesabu vikiletwa upande wa nje tu, upande wa sikio. Katikati ni ukungu wa kijivu. Jicho la kulia, akivaa miwani, linaona vizuri.

Kuna jambo alilitaja kwa kupitia tu. Baada ya upasuaji wa kwanza alikuwa akiona vitu viwili viwili, cha pili kikiwa kimeinama kidogo. Ilimtesa, akawa anafumba jicho moja ili ateremke ngazi. Kisha uoni uliposhuka na jicho likazidi kwenda nje, ikaisha yenyewe. Alilisimulia kama jambo lililokwisha. Mimi nililipigia mstari.

Kinacholivuta

Macho mawili hukaa pamoja kwa sababu ubongo unalinganisha picha zake kila wakati na kurekebisha misuli. Picha moja ikififia, kazi hiyo inakosa kipimo, na jicho dhaifu huachwa lielee kama mashua iliyokatika kamba ya nanga. Kwa mtu mzima mara nyingi huelekea nje. Hilo lingeweza kumpata mwalimu hata kama asingewekewa mkanda.

Lakini aliyewekewa mkanda ana sababu nyingine pia. Kovu linaweza kuunganisha msuli, mkanda na weupe wa jicho vikawa kitu kimoja. Mafuta ya asili yaliyo nyuma ya jicho yanaweza kusogea mbele na kugandamana na msuli. Msuli wenyewe unaweza kuwa ulijeruhiwa uliponaswa na kuvutwa, au ukadhuriwa na dawa ya ganzi iliyochomwa karibu yake. Silikoni nene inaweza kukaa njiani, jicho likizunguka linagota. Juu ya yote, mkanda unaozunguka hulirefusha jicho kidogo na kubadilisha namba ya miwani, kwa hiyo hata mahali uoni ulipobaki, picha za macho mawili hazilingani ukubwa.

Kwa nini tuhangaike kuzitenganisha sababu hizi? Kwa sababu jicho linaloelea bure hutii vipimo vya kawaida vya upasuaji, na jicho lililofungwa na kovu halitii. Ukikaza msuli wa ndani wa jicho ambalo upande wa nje limeshikwa na kovu, unalivuta pande mbili kwa wakati mmoja. Linazama ndani, na bado halinyooki.

Kipimo cha kawaida cha makengeza, cha kuziba jicho moja na kutazama lingine linavyosogea, hakikufaa hapa, kwa kuwa jicho la kushoto haliwezi kushika shabaha. Kwa hiyo nilitumia mwanga. Ukimulika tochi ndogo mbele ya uso, katika jicho la kulia kitone cheupe kinakaa katikati ya mboni, na katika jicho la kushoto kinakaa upande wa pua, karibu na ukingo wa mboni. Unaweka prizimu, yaani kioo chenye umbo la kabari kinachopindisha mwanga, mbele ya jicho linaloona, unazidi kuongeza nguvu yake, na jicho dhaifu linafuata mpaka kitone chake nacho kifike katikati. Kilifika kwa prizimu ya 40. Pia jicho lilikuwa limepanda juu kidogo, kama prizimu 6.

Nitaeleza namba hii kwa sababu ndiyo iliyoongoza kila kitu kilichofuata. Prizimu ya 1 husogeza picha sentimita 1 kwa kila mita 1 ya umbali. Kwa hiyo makengeza ya 40, mwalimu akimtazama mwanafunzi aliye mita 3 mbele yake, yanamaanisha jicho la kushoto limelenga mita 1 na sentimita 20 pembeni yake. Hapo ndipo anapokaa wa dawati la jirani. Nilipomchorea hesabu hiyo kwenye karatasi, mwalimu wa hisabati aliitazama kimya, kisha akaniuliza ni namba gani ingetosha ili mstari huo ubaki kwa mtoto yuleyule. Nilimwambia ikifika 10, mstari unaangukia sentimita 30 tu kutoka alipolenga, na makengeza madogo kiasi hicho wengi hawayatambui. Tangu hapo hatukuzungumza tena habari ya "kunyooka kabisa".

Halafu daktari wa makengeza akalivuta jicho lenyewe. Alitia ganzi ya matone, akashika weupe kwa kibano karibu na ukingo wa duara la rangi, akamwambia mwalimu aangalie upande wa pua huku yeye akilisukuma jicho huko. Lilikwenda mpaka nusu ya njia, likagoma. Kuelekea nje lilikwenda kwa urahisi. Maana yake jicho lilikuwa limetoka nje kwa kukosa uoni, na likashikiliwa huko na kovu.

Tuliomba pia taarifa ya upasuaji wa kwanza, na ninamsihi kila anayefikiria jambo hili aitafute ya kwake kabla ya miadi. Ilieleza aina ya mkanda, ulikoshonewa, kipande kinene kilikowekwa, na kwamba hakuna msuli uliokatwa kutoka mahali pake wakati ule. Mstari huo mmoja ulituondolea hofu ya kwenda kutafuta msuli uliopotelea nyuma.

Picha ya pili

Sasa ile habari ya kuona vitu viwili. Wengi hudhani jicho linalohesabu vidole tu haliwezi kuleta picha ya pili. Linaweza. Sehemu za pembeni za retina ya mwalimu bado zinafanya kazi, na zimekuwa zikituma picha yake mbali huko nje ambako ubongo umejizoeza kuipuuza. Ukilirudisha jicho katikati, picha ileile inahamia karibu na ile nzuri. Na retina iliyovutwa na makovu haikai sawasawa na ya jicho la pili. Picha zake zimepinda, haziwezi kuungana tena hata macho yakinyooka kwa ukamilifu. Mtu anaweza kuamka na jicho zuri usoni na kivuli kisichomwondokea maishani. Wapo waliojuta kwa ajili hiyo, na karibu wote wangeonywa na jaribio la prizimu lisilo na maumivu wala damu.

Nilimkalisha akitazama taa ndogo ukutani, nikapandisha prizimu mbele ya jicho la kushoto polepole. Prizimu hapa hailigeuzi jicho. Inaileta picha pale ambapo ingekuwa kama jicho lingenyooka. Mpaka 25 hakuona kitu. Kwenye 30 alisema kuna "kama moshi" upande mmoja, na kwamba asingeuona kama nisingemuuliza. Kwenye 40, yaani kunyooka kabisa, akakunja uso akasema taa zimekuwa mbili, moja imelala.

Jaribio la dakika chache chumbani halitoshi kuamulia maisha ya mtu. Nilimbandikia kwenye lenzi ya kushoto ya miwani prizimu ya Fresnel ya 30, ile plastiki nyembamba yenye mistari mistari inayokatwa kwa mkasi na kubandikwa kwa maji. Inapunguza uwazi wa picha, lakini jicho lisiloona wazi halipotezi kitu. Aende nayo kazini, sokoni, kwenye ngazi, usiku na mchana, kwa wiki kadhaa, na aandike kila kinachomkera.

Alirudi na daftari, na ndani yake mlikuwa na jambo ambalo sikulitarajia kuwa zito kiasi kile.

Upande wa kushoto

Kuhusu kivuli alikuwa ameandika machache: kinaonekana akiteremka ngazi, kinaonekana usiku taa za magari zikija, ubaoni hakionekani. Kinavumilika, aliandika, na akapigia mstari. Kurasa nyingi zilihusu kitu kingine. Wanafunzi wanaopita upande wake wa kushoto walikuwa wanamshtua. Zamani alikuwa anawaona wakija. Akitaka kuvuka barabara alijikuta anageuza kichwa zaidi.

Sababu yake ni hii. Uoni uliobaki katika jicho la kushoto ni wa upande wa nje. Jicho lilipogeukia nje, liliupeleka uoni huo mbali zaidi kushoto, kama digrii 22 kupita kawaida. Bila kukusudia, makengeza yalimpa upana ambao watu wenye macho yaliyonyooka hawana, naye alikuwa ameujengea mazoea yake yote ya kutembea na kusimamia darasa. Prizimu ya 30 ilimpunguzia digrii 17 hivi za upana huo, na upasuaji ungempunguzia kiasi hichohicho.

Mwenye makengeza ya kwenda ndani hupata kinyume chake: jicho likirudi katikati, uoni wa pembeni unapanuka, na wengi hufurahia hilo kuliko hata sura. Anayekwenda nje ndiye anayelipa. Na mambo haya hayamo katika mazungumzo ya kawaida ya kabla ya upasuaji, ambayo huishia kwenye damu, maambukizi na nusu kaputi. Ninaamini yangepaswa kuwemo kila mara, hasa kwa mtu ambaye upande mzima wa uoni wake unategemea jicho bovu.

Nilimuuliza kama bado anataka. "Digrii hizo nilizipata juzi," alisema. "Kabla ya hapo niliishi bila hizo miaka arobaini." Akaomba akae na prizimu wiki nyingine kadhaa ili ajizoeze kugeuza kichwa kabla, asijifunze baada. Sijawahi kupata mgonjwa aliyelichukua jambo hili kwa busara kama yeye.

Njia zilizokuwepo

Ya kwanza ilikuwa kutofanya kitu. Hii ni njia halali, na jicho lake lisingeharibika kwa kuachwa lilivyo. Miwani yenye kioo cheusi kidogo upande mmoja, au lenzi ya mguso inayokaa juu ya jicho lenyewe, huwasaidia baadhi ya watu. Kwake, kuficha jicho kusingesaidia wanafunzi kujua anamtazama nani.

Ya pili ilikuwa sindano ya sumu ya botulinamu, ambayo Alan Scott wa San Francisco aliibuni kwa ajili ya makengeza hasa, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 1989, kabla haijajulikana kwa kulainisha mikunjo ya uso. Hulegeza msuli kwa miezi michache, na ni jaribio zuri kwa anayeogopa picha mbili. Lakini hulegeza msuli, hailegezi kovu. Kwa jicho lililogoma mbele ya kibano, tusingejifunza kitu.

Ya tatu ilikuwa upasuaji, na hapo pakazuka mjadala wa jicho gani lipasuliwe. Daktari mmoja alisema jicho la kulia lina misuli safi isiyo na kovu. Msuli wake wa nje ungelegezwa kwa urahisi, na matokeo yangetabirika. Kitaalamu ni kweli. Mimi nilipinga, na ningepinga tena. Hatari ya kutoboa jicho au kuingiza maambukizi ni ndogo sana, lakini likitokea kwa jicho pekee linalosoma, mwalimu anakuwa kipofu. Bora matokeo yasiyotabirika sana kwenye jicho ambalo halina kingi cha kupoteza. Yeye mwenyewe, aliposikia, alisema jicho la kulia lisiguswe hata kwa kidole.

Mkanda nao je, utolewe? Wagonjwa wengi huuliza wakiamini kwamba ukitolewa jicho litarudi lenyewe. Mara nyingi halirudi, kwa sababu kovu hubaki, na retina inaweza kubanduka upya. Mkanda usiotoka nje, usio na maambukizi wala maumivu, huachwa. Daktari wa retina alimpima upya, akaandika kwamba retina imeshikamana, shinikizo la jicho liko salama, jicho si laini. Hilo la mwisho lina uzito: jicho lililoanza kulainika na kusinyaa baada ya upasuaji mwingi halifai kusogezwa misuli, na mwenye jicho hilo husaidiwa zaidi na ganda bandia lililopakwa rangi. Alipanua pia mboni ya jicho la kulia akaikagua retina yake yote, maana aliyebanduka retina jicho moja yuko hatarini zaidi kwa la pili. Alikuta sehemu nyembamba pembeni, bila tundu.

Kuhusu ile prizimu 6 ya kupanda juu, tulikubaliana iachwe. Damu ya sehemu ya mbele ya jicho hupitia kwenye misuli hii minne: mishipa saba, miwili kwa kila msuli, isipokuwa wa nje wenye mmoja. Kila msuli unaokatwa kutoka mahali pake hupoteza mishipa yake, na mkanda unaozunguka unaweza kuwa umeshapunguza mzunguko wa damu. Kugusa misuli mitatu au minne kwa mpigo katika jicho kama hili ni kulitia sehemu ya mbele hatarini kwa kukosa damu. Misuli miwili ilitosha.

Ningependa kusema kidogo kuhusu wale waliomwambia kwamba huu ni urembo na kwamba kwa umri wake haifai. Jicho hili lilihamishwa na ugonjwa na tiba yake. Kulirudisha ni kumalizia matibabu, kama vile mfupa uliounga vibaya unavyonyooshwa. Mtu anayekwepa kutazamana na watu, anayekaa kila mkutanoni upande uleule ili jicho lake lisionekane, ana tatizo la kweli, na tiba yake ni ya kweli.

Siku yenyewe na baadaye

Mwaka 1839 huko Berlin, Johann Friedrich Dieffenbach alinyoosha jicho la mtoto kwa kuukata msuli wa ndani na kuuacha. Njia hiyo ikasambaa haraka, na macho mengi yaliyokatwa hivyo yakaishia kwenda nje. Leo msuli haukatwi ukaachwa. Unahamishwa kwa milimita zilizohesabiwa na kushonwa tena. Ila jedwali za milimita hizo zimetokana na macho ambayo hayajawahi kuguswa. Kwa jicho lenye mkanda ni mwongozo tu, na kwa hiyo tulichagua uzi wa kurekebishwa, mbinu iliyoenezwa na Arthur Jampolsky miaka ya 1970: fundo la muda linaachwa, mgonjwa akishazinduka anapimwa, na uzi unakazwa au kulegezwa kabla ya fundo la mwisho.

Daktari alikuta msuli wa nje umelala ndani ya gamba la kovu lililoungana na silikoni. Kuuachanisha kulichukua muda mrefu kuliko mengine yote, kwa sababu hapo nyuma ya msuli weupe wa jicho una unene wa milimita 0.3 tu, na chini ya silikoni ya miaka kadhaa unaweza kuwa mwembamba zaidi. Mara msuli ulipoachana na kovu, jicho lilikubali kuvutwa upande wa pua. Msuli wa nje ukarudishwa nyuma, wa ndani ukafupishwa kwa kiasi. Mkanda ukabaki ulipo.

Kesho yake asubuhi, kwa ganzi ya matone, nilipima prizimu 4. Kipimo kizuri kwa macho ya watu, kibaya kwake: taa zilikuwa mbili. Daktari alilegeza uzi wa msuli wa ndani kidogo, nikapima tena, mpaka mwalimu akasema moshi umerudi kuwa moshi. Tukafunga kwenye 9.

Wiki za kwanza jicho lilikuwa jekundu na zito, na kivuli kilimsumbua zaidi ya wakati wa prizimu ya plastiki. Ilipofika mwezi wa tatu alikuwa anakiona kwenye ngazi tu. Daktari wa retina alimkagua mara mbili katika kipindi hicho. Miwani yake sasa ina lenzi za polikaboneti, zisizovunjika kirahisi, ambazo anazivaa hata siku asizosoma, kwa ajili ya kulilinda jicho la kulia. Bado humshtua mtu akija ghafla kutoka kushoto, na meza yake ya darasani ameihamishia kona ya kushoto ili asiwe na mtu wa kupita upande huo.

Tulimwambia mapema kwamba jicho lisilo na picha ya kulishikilia linaweza kuanza kuelea tena baada ya miaka, na kwamba sehemu yenye kovu ikifunguliwa mara ya pili huwa ngumu kuliko mara ya kwanza. Katika kipimo cha mwaka mmoja nilipata prizimu 12, na kibano hakikukuta pingamizi. Atapimwa tena pamoja na ukaguzi wa mwaka wa retina ya jicho la kulia. Likivuka 20 tutakaa naye tuanze upya na plastiki ya Fresnel.